Nyuzi Nne na Kanda Aliyoiombea

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Nyuzi Nne anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza akiwa mpiga gitaa la besi, kisha mtayarishaji mkuu wa muziki. Jina hilo alipewa na wapiga tarumbeta kwa ajili ya nyuzi nne za gitaa lake la besi, nalo limemganda kiasi kwamba hata mkewe akipiga simu ofisini humwulizia Nyuzi Nne.

Alikuja enzi za disko, suruali zilipokuwa zikifagia sakafu na kila mwimbaji akitaka taa imwangaze peke yake. Yeye alivuta kigoda, akampa mwimbaji mgongo, akaketi akiutazama mguu wa mpiga ngoma. Alipoulizwa sababu alijibu, “Mwimbaji nitamsikia hata nikifumba macho, si anapiga kelele? Mguu ukichelewa, sote tumechelewa.”

Alipopanda cheo na kuwa mtayarishaji, mwamuzi wake wa mwisho alikuwa mama wa chai. Wimbo haukutoka chumbani kabla mama huyo hajasimama mlangoni na birika lake. Mguu wake usipotikisika, wimbo ulirudiwa. “Besi yako leo imelala, baba,” alimwambia siku moja mbele ya wageni. “Iamshe, chai inapoa.” Wimbo uliorudiwa siku hiyo haukukosekana katika harusi yoyote kwa miaka miwili.

Hayo ni ya kuchekesha. Lipo lisilochekesha, na wasifu utakaoliruka utakuwa uongo.

Kanda za kurekodia zilikuwa adimu, kwa hiyo studio ilikuwa na desturi yake: wimbo uliokaa bila kutolewa santuri ulifutwa, na kanda ikatumiwa upya. Nyuzi Nne aliitii desturi hiyo. Alifuta kazi zake mwenyewe kwa mkono wake, bila kununa. Kanda moja tu ndiyo aliyoiombea. Humo, mdogo wake wa kike, mwitikiaji wetu wa miaka mingi, aliimba mbele, peke yake, kwa mara ya kwanza. Aliugua na kufariki kabla santuri haijatoka, na disko nayo ilikuwa imeanza kuchuja.

Nyuzi Nne alikwenda kwa mkurugenzi wa wakati huo. “Bosi, hii moja tu. Sauti yake haiko kwingine.”

“Wewe ni mtoto wa nyumba hii,” alijibiwa. “Nenda kazike. Haiguswi.”

Aliporudi kutoka msibani aliifungua kanda ile, akasikia tangazo la sabuni. Mkurugenzi hakukana. Alisema mteja alikuwa na haraka, na kwamba sauti za akina dada zipo tele. Kisha akamwagiza alipigie tangazo hilo besi, kwa kuwa iliyokuwemo ilikuwa dhaifu. Alipiga, juu ya kanda ileile. Alikuwa na watoto wa kusomesha, wake na wa marehemu.

Alipiga vizuri mno. Tangazo lile lilitujengea jina, na kila mkurugenzi aliyefuata amelisifia. Hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi.

Majuzi kamati ya sherehe ilimwuliza angependa nini siku ya kuagwa. Hakutaka saa ya ukutani wala hotuba. “Pigeni wimbo wowote,” alisema, “ila ile sabuni, jamani, hapana.” Kamati ilimjibu kwamba ratiba imekwisha kuchapwa, tena mgeni rasmi analipenda tangazo hilo.

Nyuzi Nne, ndugu yetu, tunakushukuru kwa kazi yako na kwa uvumilivu ambao hatukustahili kuupata. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na nyumba yenye vicheko vya wajukuu na vya wapwa uliowalea.

Nanyi wafanyakazi wenzangu, tangazo hilo litakapopigwa ukumbini, mikono yenu ikae mapajani. Anayetaka kucheza akachezee barabarani.