Orodha Isitoke Kabatini

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani, kwa maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sina nguvu ya kurudia maneno.

Duka letu la dawa nililianza na rafu mbili na mdomo mpana. Dawa ya mtu ikiwa tayari nilipaza sauti, nikataja jina lake na dawa yenyewe, benchi zima likisikia, nami nikijiona mchangamfu. Siku moja nikamwita hivyo mwalimu wenu wa hesabu. Watu wakageuka kumtazama, akachukua dawa yake, na hakukanyaga tena dukani kwangu. Niliona haya, wanangu, lakini sikujirekebisha.

Ilipokuja sheria ya kulinda taarifa za watu, wewe mkubwa ulisema imekuja kutufilisi, nami nikakuunga mkono. Dada yako ndiye aliyekaza uzi: akanunua kabati la kufuli la kuwekea orodha ya wateja, akatundika pazia pembeni mwa kaunta, akagawa namba badala ya kuita majina. Miezi mitatu mauzo yakashuka, foleni ikawa ndefu, wateja wakanuna, na muuza dawa wa ng'ambo ya barabara akatucheka mpaka mbavu zikamuuma, huku akiwauzia watu wa matangazo namba za simu za wateja wake na dawa wanazotumia. Basi wateja wale wakaanza kupigiwa simu na watu wasiowajua, wakitajiwa maradhi yao. Wakaguzi wakaja, wakamtwanga faini, na benchi lake lote likahamia kwetu. Leo watu wanapita maduka manne ya dawa kuja kwetu. Tumeshinda, na nina furaha isiyo kifani, ingawa aliyetushindia ni huyu binti niliyembishia.

Sasa najua kuna mnunuzi anayekunong'oneza, mkubwa, anayetaka duka pamoja na orodha ya wateja, na bila orodha halitaki. Usininunie. Nyumba hii ni yako. Duka namwachia dada yako, na jina la mtu lisitoke kabatini mpaka mwenyewe akubali. Mnunuzi akirudi, mpeni chai aende zake.

Niinueni kidogo... pumzi inanipaa. Mungu awape afya, awaongezee, mpendane, msigombane mbele ya wateja. Na watu wa msibani... watauliza tu, nawajua... watauliza nilikuwa naumwa nini. Waambieni... baba hakutoa ruhusa.