Sista Nokuthula Alikuwa Nani Kabla ya Tivii

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu wanaolikalia wamekwisha kusahau. Nililitoa kwenye kanisa moja la Anoka lililokuwa linauza vitu vyake, nikaliweka dukani kwangu hapa Brooklyn Park, chini ya dirisha, kati ya magunia ya mchele na friji la sambusa, ili mteja akichoka akae. Mteja hajawahi kukaa. Kila Jumamosi asubuhi wanakaa wanaume wanne wale wale, wanamaliza kahawa yangu ya tangawizi, na wakiondoka wananunua pakiti moja ya njugu kwa ushirika. Mimi ni Tumpe, mtu wa Tukuyu, ila wao wananiita Spika kwa kuwa ndimi ninayewanyamazisha. Duncan anaitwa Ovataimu, anahudumia wazee huko Anoka, na hajawahi kuikataa zamu hata akiwa na homa. Gitonga ni Seneta, nesi wa hospitali, Mmeru, anaongea kama kuna maikrofoni mbele yake. Cleophas ni Profesa, Mtanzania mwenzangu, alikuja kusoma akabaki, sasa anatengeneza kompyuta za ofisi za serikali kule Saint Paul. Wa mwisho ni Rigobert wa Lubumbashi, Shoferi, anaendesha lori mpaka Dakota na kurudi.

Sasa kuna ugonjwa mmoja wa benchi hili lazima niuseme. Hapa Minnesota humgusi mzee wa watu kabla serikali haijachukua alama za vidole vyako na kuchimba ulipotoka. Karibu kila mtu tunayemjua amechimbwa, akakaa wiki nzima na wasiwasi ilhali hajaiba hata kijiko. Basi na wao wameiga. Hapa kwangu hakuna mtu anayejadiliwa kabla hajachimbwa, awe mchungaji mpya, awe mchumba wa mtoto wa nani, awe kocha wa timu. Na kuchimba kwao ni kwa mdomo tu. Anayetoa simu kutafuta jibu anahamia kwenye gari lake, maana jibu likipatikana kahawa itanyweka na nini.

Jumamosi hiyo theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka kwenye maegesho, na Ovataimu aliingia bila kusalimia.

Seneta: Baba Natasha, uko sawa kweli? Umekaa kama mtu amefutwa kazi.

Ovataimu: Afadhali hiyo. Msichana ameniambia tukiwa mezani, Dad, unesi naacha. Mwaka wa tatu huo. Ati anataka kusomea uigizaji.

Shoferi: Uigizaji? Ile ya kulia mbele ya watu?

Ovataimu: Hiyo hiyo. Nikamuuliza, ni nani wa maana unajua anakula kwa kuigiza? Akanijibu, Dad, si wewe hulia kila Jumanne ukiangalia Kliniki.

Profesa: Hapo amekukamata.

Ovataimu: Mimi silii. Macho huniwasha nikitoka zamu ya night.

Kliniki ni tamthilia ya Afrika Kusini. Mtaa wa mabati, zahanati moja, manesi wachache, na shida zote za dunia zinaingia kwa mlango ule mmoja: maji yamekatwa, wachimba migodi wanakohoa damu, mume kampiga mke, mwenye nyumba kawatupa watoto nje. Ni ya kuzungumza mambo, si ya kubusiana. Brooklyn Park nzima inaitazama, kwa sababu nusu yetu tunafanya kazi ile ile ya kugeuza wagonjwa, na hatujawahi kuona mtu akiionyesha kwenye tivii kwa heshima. Na mama wa wote humo ni Sista Nokuthula.

Ovataimu: Sasa nisikizeni. Yule Sista, mimi naapa ni nesi wa ukweli. Alifanya kazi kwanza, uigizaji ukaja baadaye. Kama ni hivyo, Natasha amalize unesi, halafu aigize akitaka. Kama nimekosea, kama mama yule alitoka shule moja kwa moja akaingia kuigiza, basi nitanyamaza, aende. Leo usiku ndio nampa jibu, Jumatatu anabadilisha masomo.

Profesa: Yaani sisi tunaamua leo.

Ovataimu: Mimi ndio naamua. Nyinyi mchimbe.

Sikuipenda ile. Natasha namjua tangu akija hapa kununua chapati zilizogandishwa na kunijibu Kiswahili changu kwa Kiingereza. Maisha ya mtoto kuning'inizwa kwenye historia ya mwanamke wa Johannesburg ambaye hajui kama kuna mji unaitwa Brooklyn Park, jamani. Lakini Spika hapigi kura. Nikawamiminia kahawa.

Seneta: Waheshimiwa, mimi kama mtaalamu nasema ni nesi. Mumeona akipima mapigo ya moyo? Vidole viwili. Hatumii kidole gumba. Mwigizaji wa kawaida angeshika mkono wa mgonjwa kama anaomba uchumba.

Ovataimu: Na akimgeuza mgonjwa?

Seneta: Anapiga goti kidogo, mgongo umenyooka. Hiyo haifundishwi na director. Hiyo inafundishwa na mgongo wenyewe, ukishauma.

Profesa: Bwana we, vidole viwili mtu anaonyeshwa kwa dakika moja. Yule mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Tazama anavyoingia wodini, kabla hajasema neno anahesabu vichwa. Halafu akikasirika ananyamaza. Nesi akikasirika ananyamaza?

Seneta: Hapana, hapo umesema ukweli. Sisi hatunyamazi.

Ovataimu: Mwalimu pia ni kazi. Alifanya kazi kwanza.

Mimi: Ukisema nesi unashinda, ukisema mwalimu unashinda. Mtoto anashinda lini?

Ovataimu: Spika, wewe mimina.

Shoferi: Mimi, bon, minasema hivi. Sista sijue. Lakini ule muzee wa kukohoa, ule wa mugodi, ule alikuwa mu mugodi kweli. Ile kikohozi haiko ya kuigiza. Baba yangu alitumika mu mugodi kule kwetu. Ile kikohozi inaanzia chini, inapanda, inasimama hapa, halafu inacheka. Minaisikia ku tivii, minazima.

Rigobert si mtu wa kuongelea baba yake. Profesa akamsogezea sahani ya sambusa, ambayo kumbuka ni sambusa yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Shoferi: Na tena minamujua. Ule muzee ni colonel wa Lubumbashi. Alipotea zamani, watu wakasema amekufa. Hakufa. Alienda kuigiza.

Profesa: Umemjuaje?

Shoferi: Anavyovaa kofia. Hakuna raia anavaa kofia vile.

Seneta: Kama ni hivyo, acha na mimi niseme jambo nimeficha. Yule daktari wao, Dakta Sithole, si mtu wa South. Ni mtu wa Maua, kwetu Meru.

Ovataimu: Seneta, tafadhali.

Seneta: Angalia shavu la kushoto. Hata akisoma eksirei, shavu la kushoto liko juu kuliko la kulia. Hilo shavu mimi nalijua, limejengwa na kutafuna miraa miaka mingi. Na hakuna siku amelala, kila episode yuko macho.

Profesa: Anaigiza daktari wa zamu ya usiku.

Seneta: Ndio maana wakamchagua.

Ovataimu alikuwa hacheki. Alikuwa amekumbatia kikombe kwa mikono yote miwili, ile mikono yake mikubwa iliyopasuka kwa dawa za kunawa. Alikuja nchi hii na digrii ya kilimo ambayo haikumpa hata shamba la sukuma wiki. Unesi msaidizi ndio uliomnunulia nyumba, ukamlea Natasha. Anapoogopa, anaogopa kwa sababu hiyo, na mimi nikimwangalia huruma inanishika hata nikiwa nimekasirika.

Ovataimu: Turudi kwa Sista. Nesi ama si nesi?

Profesa: Sawa, niseme ninachokiamini, ila msinicheke. Sista Nokuthula ni wawili.

Seneta: Wawili aje?

Profesa: Mapacha. Mmoja nesi, mmoja mwigizaji. Kukiwa na sindano anaingia nesi. Kukiwa na machozi anaingia mwigizaji. Kwenye sindano, saa iko mkono wa kulia. Kwenye kulia, saa iko mkono wa kushoto. Nimelifuatilia hili tangu msimu wa kwanza.

Shoferi: Na kama kuna sindano na machozi pamoja?

Profesa: Wameikwepa hiyo. Tazama vizuri, haijatokea hata mara moja.

Seneta: Ilitokea. Yule mtoto wa surua.

Profesa: Pale saa haikuwepo kabisa. Unaona walivyo wajanja?

Ovataimu: Kwa hivyo nusu ni nesi.

Profesa: Nusu ni nesi.

Ovataimu: Sasa nimwambie Natasha nini na nusu?

Basi wakaanza kugawana mtoto. Seneta akapendekeza asomee unesi Jumatatu mpaka Jumatano na uigizaji siku zilizobaki. Profesa akasema hapana, azae mapacha. Shoferi akasema kwao mtoto akitaka kitu cha hasara, wajomba wanakaa, wanakula mbuzi, wanakubali, wanajifanya walikataa. Nilitamani kuwafukuza wote wanne na benchi lao, benchi langu.

Muda wote huo kulikuwa na mteja kaunta, mama mmoja mpya anaitwa Mukamana, Mnyarwanda, kahamia juzi kwenye fleti za nyuma ya duka. Alikuja kununua dagaa. Nilikuwa nampimia polepole kuliko kawaida, nikiri, maana sikutaka mazungumzo yanipite. Akafunga koti lake, akachukua mfuko, akageukia benchini.

Mukamana: Samahani, Baba Natasha. Nimesikia jina tu. Huyo binti yako, akiigiza yukoje?

Ovataimu: Vipi yukoje?

Mukamana: Ni mzuri?

Nilidhani atajibu papo hapo, kwa kuwa Ovataimu ana jibu la kila kitu. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia cha kwanza.

Ovataimu: Kuna ile Krismasi ya kanisani. Alikuwa, nafikiri, malaika.

Seneta: Alikuwa Herode.

Ovataimu: Ulimwona?

Seneta: Niliambiwa. Nilikuwa kazini.

Ovataimu: Mimi pia nilikuwa kazini.

Mukamana: Na mara nyingine?

Mara nyingine zilikuwepo, sote tulizijua. Tatu pale chuoni, na moja kwenye ukumbi mdogo wa Saint Paul, alikuja mwenyewe kutualika. Profesa anafanya kazi dakika tano kutoka pale, akasema siku hiyo treni ilichelewa. Shoferi alikuwa Fargo, kule Dakota. Nami nilimwambia Natasha nitakuja, nikampa na chapati za bure, na jioni ikafika nikaona baridi, nikalala. Tunamwita binti yetu. Tumemchimba colonel, tumelichimba shavu la daktari wa watu, tumegundua mapacha, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua sauti ya Natasha ikoje akisimama mbele ya watu. Niliona aibu, nasema wazi.

Mukamana: Mimi nauliza tu. Asante kwa dagaa, dada.

Akatoka. Mlango ukajifunga. Nikainua chupa ya kahawa, ilikuwa bado nzito, lakini hakuna aliyesogeza kikombe.

Ovataimu akatoa simu mfukoni. Hakuna aliyemwambia ahamie kwenye gari.

Ovataimu: Leo kina Natasha wanaigiza tena. Aliniambia juzi Alhamisi, nikamwambia nyamaza kwanza tuongee mambo ya maana.

Shoferi: Leo saa ngapi?

Ovataimu: Sijui. Na mimi nina zamu saa tisa.

Seneta: Anoka? Nipe hiyo zamu. Wazee wako wananijua.

Ovataimu: Wewe umetoka usiku.

Seneta: Nitalala gari mpaka saa tisa. Piga simu, Baba Natasha.

Akapiga, akaiweka kwenye spika ya simu, akailaza benchini. Natasha akapokea haraka, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wanaburuta viti.

Ovataimu: Natasha, mama. Leo mnaanza saa ngapi?

Natasha akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini.

Ovataimu: Nataka kuja kuona.

Natasha akasema lakini ana zamu. Baba yake akasema ameiacha. Pale upande wa pili viti vikaacha kuburutwa, nikasikia mtoto anavuta pumzi, akauliza kwa sauti ndogo, na safari hii kwa Kiswahili:

Natasha: Dad, nani amekufa?

Ovataimu akamwambia hakuna aliyekufa. Akarudia tena, maana mara ya kwanza mtoto hakumwamini.