Mwalimu Aliyenihesabia Miaka Yangu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwalimu Mkuu na walimu wote. Wazee wangu mliotoka Mwanhuzi na vijiji vya jirani. Wazazi, wanafunzi, na wewe Mwalimu Apolonia Luhaga, unayestaafu leo na bado unaniangalia kana kwamba sijamaliza zoezi: nawasalimu kwa Kisukuma chetu, mwadila!

Naitwa Nyanjige Jilala, mkunga katika kituo cha afya huko Bariadi. Nimepewa dakika tano za kumzungumzia mwalimu huyu. Waliopanga ratiba wana utani.

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita, chumba kile chenye mlango wa bluu. Mwalimu alikuwa akitufundisha kutaja umri kwa Kiingereza. Alituonya tusitafsiri "nina miaka" kama mtu anayetaja mbuzi wake, kwa sababu Mwingereza hana miaka, yeye mwenyewe ndiye hiyo miaka. "I am twelve years old." Wenzangu wakasimama mmoja mmoja wakasema. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema "I am", nikaishia hapo. Mwalimu akadhani ni uvivu, akaniacha nimesimama mpaka kengele ikalia.

Ndugu zangu, Kiingereza hakikunishinda. Umri wangu ndio nilikuwa siujui. Na juma lile lile baba mkubwa Mahona, aliyetulea baada ya baba yangu kufariki, alikuwa amekubali niolewe, akiwaambia wakwe kwamba nina miaka kumi na minane. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Nyanjige ni jina la mtoto wa wakati wa nzige, nzige walipita kwetu miaka kumi na minane nyuma, basi, binti amekua. Nani angembishia? Sisi Wasukuma, majina yetu si ndiyo kalenda yetu?

Mwalimu alinikuta nalia nyuma ya darasa, nikamweleza. Jumamosi tukamwona anaingia uani kwetu, viatu mkononi, tope mpaka magotini, wakati wakwe wamekwisha kufika na ng'ombe wanakaguliwa. Hakugombana na mtu. Alipiga goti mbele ya bibi yangu, naye pia ni Nyanjige, akamwita mama kwa Kisukuma, akamuuliza, "Mayu, mtoto huyu jina alipewa na nzige, au alirithi?"

Bibi akacheka. "Nzige ni wangu mimi! Walimaliza mtama mwaka niliozaliwa. Huyu kabeba jina langu tu. Huyu ni wa mvua za elinino, mto ulipofurika, mama yake akavushwa juu ya kitanda na uchungu wake." Kisha akageuka. "Wewe Mahona, si ndiwe uliyeshika mguu wa mbele, kiatu chako kikaenda na maji?"

Baba mkubwa, upo pale mstari wa mbele, usiiname. Mpaka leo sijui kama ulisahau mwenyewe au ng'ombe ndio waliokusahaulisha. Lakini nitakusifu mbele ya watu hawa. Ulisema wakwe wote wakisikia, "Kweli. Kiatu cha kushoto." Ng'ombe wakarudishwa walikotoka.

Mwalimu akachukua kijiti, akachora mistari kwenye tope, masika hadi masika, bibi akitaja na yeye akichora. Ikafika kumi na minne. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimepokea watoto mapacha kwa mwanga wa tochi, lakini sijaona kitu kilichonishangaza kama ile mistari kumi na minne. Maisha yangu yote yalikuwa pale chini, yanatosha kuhesabika, na yalikuwa machache mno kwa kuozwa. Mtu huyu alikuja kwa miguu kuyatafuta! Mpaka sasa nikimpokea mtoto na kuandika tarehe kwenye kadi yake, huisoma kwa sauti mama yake asikie.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakushukuru kwa heshima hii. Bibi yangu, nakushukuru kwa jina na kwa kumbukumbu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Limebaki deni moja la darasani.

Mwalimu, ulinisimamisha, nikakuachia sentensi nusu. Leo nimesimama tena. I am twenty-eight years old.

Sasa naomba ruhusa nikae.