Soko la Chini ya Benchi

Benchi letu linabeba watu watano, lakini tangu mwaka jana tunakaa wanne na kuacha nafasi upande wa barabarani. Hakuna aliyetuagiza. Ni nafasi ya Kinyozi. Alihama siku pete ya ndoa ya Fundi Redio ilipopotea hapa hapa kijiweni. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, na Fundi akasema mbele za watu kwamba pete haina miguu. Toka hapo Kinyozi ananyoa kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara, mlango wazi, mgongo kwetu. Basi jana Mama Kahawa alikuwa anasuuza vikombe, Ramani akaja na karatasi kubwa kwapani. Ramani ni dereva mstaafu, na jina hilo kalipata juzi tu, alipomnyang'anya muuza karanga ramani ya zamani kabla haijaisha kufungia karanga. Kona yenye maelezo ya alama ilikuwa imeshauzwa.

RAMANI: Hii ilichorwa kabla baba zenu hawajaoa. Fundi, mashine yako ya kunusa chuma ni nzuri, lakini bila hii utachimba mpaka uzeeke. Siri ni moja tu: tafuta kilichomo kwenye karatasi na mtaani hakipo. Kisima kilichofukiwa. Njia iliyokufa. Watu walipokusanyika ndipo walipodondosha vitu.

Mashine yenyewe Fundi kaiunda kwa mpini wa fagio, sinia la plastiki na matumbo ya redio mbili. Alikuwa ameilaza mapajani kama mtoto mgonjwa.

DAKTARI: Na hii mistari ya kahawia inayojizungusha?

Daktari anauza dawa ya panya.

RAMANI: Mwinuko huo.

DAKTARI: Mwinuko gani, bwana? Hapa pamelala kama meza.

RAMANI: Umechakaa.

DAKTARI: Mlima unachakaa?

RAMANI: Kiatu chako kimechakaa, na wala hakilali nje.

DAKTARI: Mimi nasema ni alama za vidole. Mpimaji alikula nyama, akaishika karatasi kabla ya kunawa.

FUNDI REDIO: Kidole cha ukubwa huo?

DAKTARI: Watu wa zamani walikuwa na miili.

FUNDI REDIO: Haya. Na hiki kijiboksi cheusi, njia mbili zinapokutana?

RAMANI: Soko.

DAKTARI: Soko wapi! Hiyo ni hazina ya mfalme.

RAMANI: Mfalme gani?

DAKTARI: Hakujulikana. Ndiyo maana hazina yake haijapatikana.

MIMI: Kwani haiwezi kuwa choo?

Ramani akakikagua upya kile kijiboksi.

RAMANI: Hata chooni watu hudondosha vitu.

DAKTARI: Tena vya thamani. Mtu akichuchumaa, mfuko unamsaliti.

Ramani akaweka kidole kwenye daraja la reli, ambalo kwenye karatasi limo na mtaani bado lipo. Akapima vidole vinne kufuata njia.

DAKTARI: Vidole vyako au vya mpimaji?

RAMANI: Nyamaza. Kutoka darajani, pita kinu cha kusaga, kata kushoto... Jamani, tumekalia.

FUNDI REDIO: Tumekalia nini?

RAMANI: Kijiboksi. Kiko chini ya benchi hili.

DAKTARI: Si nilisema? Wahenga walinena, mchumia juani hulia kivulini. Mtaa mzima kivuli kiko hapa tu. Mali itakwenda wapi?

RAMANI: Basi tunagawana sisi wanne na Mama. Au na Kinyozi? Alikuwa mwenzetu.

FUNDI REDIO: Asiyekuwepo na lake halipo.

Tukainuka sote. Tulisogeza benchi.

MAMA KAHAWA: Mkichimba mtafukia. Sitaki mteja wangu avunjike mguu kwa ajili ya mfalme.

Fundi akaiwasha mashine, akapitisha sinia juu ya udongo. Mashine ikalia. Ramani akachimbua kwa bisibisi: kifuniko cha soda. Ikalia tena: msumari. Ya tatu ikawa kijiko cha chai.

DAKTARI: Vyombo vya ikulu!

MAMA KAHAWA: Kijiko changu hicho. Lete hapa.

Mara mashine ikatoa sauti nyembamba, nyororo, ambayo hatukuwa tumeisikia bado. Ramani akachokonoa kidogo tu, wala hapakuwa na kina.

Ilikuwa pete.

Fundi akaifuta kwenye shati. Akaijaribu, ikakwama kwenye kifundo. Kidole kilikuwa kimenenepa.

RAMANI: Ilipitia hapa, katikati ya mbao. Ona ufa ulivyo mpana.

MAMA KAHAWA: Na mimi maji ya vikombe namwaga hapo kila jioni. Tope lilikwisha kuimeza.

FUNDI REDIO: Lakini tulitafuta, Mama.

MAMA KAHAWA: Mlitafuta kwenye mifuko ya Kinyozi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ile hakuna aliyeinama.

Niliona aibu, nikajifanya nakunja ramani. Ramani naye akafukia vishimo kwa kisigino, taratibu, wala hakuuliza tena habari za soko. Tulirudisha benchi, tukakaa kama tulivyozoea: wanne, na nafasi upande wa barabarani.

Ndipo akaja fundi mwashi mmoja ambaye hatukuwahi kumwona, nywele zimejaa saruji. Mama Kahawa akainamisha birika mpaka tone la mwisho, akampa kikombe. Yule bwana akatusalimu vizuri, akaonyesha ile nafasi.

— Samahani wakubwa. Hapa pana mtu?

Ramani alimtazama Daktari, ambaye hajawahi kukosa jibu. Daktari akamtazama Fundi. Fundi alikuwa ameifumbata pete, anatazama ng'ambo, kwenye ule mgongo.

Mgeni alisubiri kidogo, kisha akanywa kahawa yake amesimama.