Pua Iliyostaafu Kabla ya Mwenyewe

Bwana Thomas Bichage Onchiri, mpokeaji mkuu wa njugu katika kiwanda chetu cha mafuta hapa Rodi Kopany, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya kututumikia miaka ishirini na sita na miezi saba. Kazi ya kumwandikia nimepewa mimi, Tima wa stoo, kwa sababu ndimi niliyezipiga chapa barua zake zote. Mwandiko wake, jamani, tunauelewa wawili tu, mimi na Mwenyezi Mungu.

Alifika Machi 1972, kijana mwembamba kutoka Kisii, Kijaluo chake kikiishia kwenye salamu. Aliajiriwa kubeba magunia. Mwezi haujaisha, meneja akagundua kwamba kijana huyu akishusha gunia hulinusa, na mengine huyatenga kando bila kuagizwa. Kila alilotenga lilikutwa na njugu zenye ukungu. Akatolewa kwenye lori akawekwa mlangoni mwa stoo, na hata kabla hajaota ndevu akaitwa Mzee Pua.

Tuliomwona kazini hatusahau. Alilegeza shingo ya gunia, akavua kofia, akazamisha uso mpaka masikioni, akafumba macho na kuvuta pumzi taratibu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akiinuka, nyusi nyeupe kwa vumbi, alikueleza kwamba hizi zilivunwa mvuani, hizi zililala sakafuni huko Asumbi, na juu ya gunia lile mtu alianika dagaa wa omena. Mfanyabiashara mmoja wa Migori, Abdikarim, alileta magunia kumi akaficha moja la msimu uliopita katikati. Mzee alilitoa la saba bila kufumbua macho. Abdikarim alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakujaribu tena.

Na kile chumba cha kubambulia! Saa nne asubuhi jua liliingia kwenye tundu za mabati, na vumbi la maganda likaelea humo rangi ya dhahabu, polepole, halitui. Kina mama waliimba ndani yake, nywele zimekuwa mvi kwa vumbi kabla ya wakati. Nikifumba macho bado naliona. Tulilipenda lile vumbi, niseme ukweli. Kikohozi kilipozidi tulipewa maziwa, kikombe kimoja kila mmoja saa sita, ya kuosha kifua. Tulikunywa, tukajifuta midomo, tukarudi ndani tukiwa na imani tele.

Mwaka 1979 Mzee alipewa mtu wa kumfundisha kazi, Mochama, Msabato safi, asiyejua sigara wala pombe, na hata chai aliikataa. Wakawa kama ndugu. Mzee alimfundisha kulegeza shingo ya gunia, kufumba macho, na kuvuta mpaka pumzi ifike chini kabisa, maana harufu ya ukungu hukaa nyuma ya harufu nyingine. Mochama alijifunza vizuri. Alinusa kwa miaka kumi na minne.

Mwaka 1993 alianza kukohoa. Tukamwongezea maziwa. Alipokohoa damu alipelekwa hospitali, na ikaonekana ni saratani ya mapafu. Daktari aliuliza kuhusu sigara, akajibiwa hapana. Akauliza anavuta nini kazini. Mzee Bichage, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, ndiye aliyeeleza habari za magunia. Daktari hakuapa. Alisema ugonjwa wa mtu mmoja hauwezi kubandikwa chanzo kwa hakika, lakini ukungu wa njugu una sumu, na wataalamu wanashuku kwamba kuivuta miaka mingi huongeza hatari ya saratani hiyo. Maziwa, alisema, hushuka tumboni. Mochama alituacha Agosti 1994.

Jumatatu baada ya mazishi foleni ya wakulima ilifika barabarani. Gunia la kwanza likaletwa, watu wakangoja uso uzame. Mzee alililegeza shingo, kisha akalifunga tena. Akasema, "Pua hii imestaafu leo. Leteni kisu."

Tangu hapo alipasua njugu moja moja na kuzikagua kwa macho, mkono ukiwa mbali na uso. Foleni ilitambaa, wakulima wakanung'unika, meneja akakunja uso. Mzee akaandika barua. Nilipiga chapa barua saba: gunia lenye ukungu lisivuke geti, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, kila mtu apewe kitambaa cha kufunika pua na mdomo, ukuta upasuliwe tuwekewe feni ya kutolea vumbi nje. Feni ilikuja Aprili 1996. Ile dhahabu ya saa nne haipo tena, na mvi tulizo nazo sasa ni zetu wenyewe.

Sisi wa zamani tulipelekwa kupigwa picha za kifua. Ya Mzee ilitoka safi. Tulipiga vigelegele, yeye akaibeba kwenda kukaa nyuma ya stoo peke yake. Aliniambia kwamba waliovuta walikuwa wawili, na aliyesema vuta ni yeye. Miaka minne hii amepita nyumbani kwa Mochama kila mwezi kumsalimu mjane, Mama Bochaberi. Amemlimia, amemwezekea jiko. Chakula cha nyumba ile hajawahi kukionja, husema ameshiba.

Sasa Mzee, soma hapa vizuri. Kwenye meza yako, chini ya kitambaa cheupe, kuna sufuria ya njugu mbichi zilizochemshwa na maganda yake, bado zina moto. Si sisi tuliozipika. Zimeletwa asubuhi na Mama Bochaberi mwenyewe, ambaye amekaa kiti cha nyuma yako, na ameniagiza niandike maneno yake bila kupunguza: "Mwambieni anuse kwanza. Mvuke huu hauna ubaya, na mimi sina neno naye. Kisha ale, ashibe kweli."

Asante, Mzee wetu. Filister, anayechukua kisu chako, hajui ndani ya gunia kunanukaje, na hiyo ndiyo kazi uliyoifanya. Tunakutakia pumzi ndefu na nyingi. Haya, funua sufuria.