Mama Deki na Jina Lililobandikwa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, mketi. Habari ya leo haitaki sikio moja.

Leo tunamkumbuka mtafiti. Mwanamke wa maabara, wa vijiti vya pamba na visahani vyenye vifuniko. Watu walimwita Mama Deki, na mwishowe hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Mama Deki ametutoka akiwa amekataa jambo moja. Na jambo hilohilo alilolikataa akiwa hai, wenzake walimbandika akiwa kaburini. Nitawaeleza polepole. Kama mnakula, sukumeni sahani kando kidogo, maana humu mna uchafu, nami sitaufunika.

Tuanze na dekio lenyewe.

Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa amejifungua. Amelazwa wodi ya wazazi, mtoto kifuani. Dada mtu akaenda kumtazama. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumenya chungwa. Akaingia mfagizi na ndoo yake, anatokea chooni. Akachovya dekio, akalikamua kwa mikono, akalipitisha chini ya kitanda. Maji ya ndoo yalikuwa meusi, na juu yake limeelea fundo la nywele na kipande cha pamba. Pamba ya nini, msiniulize.

Mama Deki akamuuliza, "Mama, hili ndilo dekio la chooni?"

"Ndilo hilohilo, mwanangu. Lile jingine lilivunjika mti. Nikaambiwa nivumilie."

Siku zilizofuata kitovu cha yule mtoto kikavimba, kikanuka. Akapona, namshukuru Mungu. Mtoto wa kitanda cha pili hakupona.

Yule mdogo mtu alikuja hapa studioni, akakaa kwenye kiti hiki kinacholia. Aliniambia, "Bibi, dada hakulimaliza lile chungwa. Alilifunga kwenye karatasi akalitia mkobani. Akaniambia, hili dekio nitalifuata mpaka nijue linakolala."

Akalifuata. Ndiyo maana akaitwa Mama Deki.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Chuoni kwao kulikuwa na desturi. Watafiti wakitaka kwenda hospitali, hutanguliza barua: tutafika siku fulani, mtupokee. Barua ikifika, hospitali inaoga. Madekio mapya yanatoka stoo. Ndoo zinasuguliwa. Sakafu inanukia malimau. Watafiti wanakuja, wanapokewa na soda, wanachukua sampuli zao, wanaondoka. Barua kwanza, usafi baadaye, utafiti mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi.

Mama Deki aliiita kumpima homa mtu aliyekwisha kunywa dawa.

Yeye akaomba ruhusa kwa wakubwa wa hospitali, akapewa, ila kwa sharti lake kwamba siku yake haitajwi. Akawa anafika tu. Anapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, gauni limekunjwa, anapitisha kijiti cha pamba mahali dekio lilipopita. Anakipaka kile kijiti kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, anafunika. Anangoja viote. Na vile visahani, jamani! Mdogo mtu aliwahi kuonyeshwa kimoja. Anasema kilikuwa na utando wa kijivu, una madoa ya njano yanayong'aa kama usaha. "Dada akanifunulia kidogo tu. Harufu ikanipanda, nikatapika kwenye sinki lao. Yeye akanisugua mgongo huku anacheka. Akasema, ndicho alichokuwa anakinusa mwanao."

Uchafu wa chooni ulikuwa unapelekwa wodi ya wazazi na dekio. Hivyo tu. Hilo ndilo alilogundua, na hata mtoto wa shule ataelewa. Dawa yake pia ilikuwa nyepesi: choo kiwe na dekio lake la rangi moja, wodi ya wazazi iwe na lake la rangi nyingine, na maji ya ndoo yamwagwe kila chumba.

Lakini utafiti ule haukuwa wake peke yake. Ulikuwa wa watu wa fani nyingi: mhandisi wa maji, bwana wa takwimu, mtaalamu wa sera za afya. Juu yao alikuwako mkuu wa kitengo. Huyo Mama Deki alimpa jina la Profesa Wastani.

Kwa nini Wastani? Kwa sababu Profesa aliogopa kuwaudhi waliowakaribisha. Akaagiza wodi zilezile zipimwe tena, safari hii kwa barua. Hospitali ikaoga. Sampuli zikatoka safi. Kisha akachanganya zile safi na zile chafu, akazigawanya, akatoa jibu: kwa wastani, sakafu za wodi zinaridhisha. Hakuna haja ya kubadili utaratibu.

Mama Deki alisimama kwenye kikao, mbele ya wote. Mhandisi wa maji ndiye aliyeisimulia familia. Mama Deki alisema, "Profesa, chukua ndoo moja ya kinyesi na ndoo tatu za maji ya kisima. Changanya. Kisha unywe huo wastani wako, nasi tukutazame."

Watu wakacheka. Profesa hakucheka. Akamwambia, "Dada yangu, punguza ukali. Tia saini, tuendelee na mengine."

"Sitii."

"Wenzako wote wametia."

"Basi wao ndio waunywe."

Hakutia saini. Nairudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu wako waliosema vingine: Mama Deki hakutia saini. Jina lake likabaki nje ya karatasi ile, na karatasi ile bila jina lake haikuwa na uzito, maana kila mtu alijua nani alipiga magoti.

Kisha akaugua figo. Aliugua muda mrefu, akanyauka kama jani. Mama yake ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko. Mzee yule anasema, "Mwanangu aliniambia, mama, mimi nitakwenda, lakini jina langu lisiingie kwenye ule uchafu. Nikamwambia, nyamaza unywe. Nilidhani ni homa inaongea."

Haikuwa homa.

Siku ya maziko Profesa Wastani alifika na shada kubwa kuliko jeneza. Akaomba kusema maneno machache. Akajifuta macho kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Akasema tumepoteza nguzo. Akasema marehemu ametuachia zawadi, utafiti uliothibitisha kwamba wodi zetu zinaridhisha, na unatoka kwenye jarida mwezi huu, jina lake likiwa la kwanza kabisa.

Mama mtu alikuwa amekaa chini. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jina la nani?"

"La binti yako, mama. Tumempa heshima."

"Mwanangu alikataa akiwa na ulimi. Ninyi mmengoja ulimi ulale, ndipo mkampa heshima? Kaa chini, baba. Unanitia kichefuchefu."

Akakaa. Yale maua nayo yakabaki palepale, yananukia malimau.

Jarida likatoka, ikawa kweli. Jina lake lilikuwa la kwanza, na pembeni yake wameweka kialama kidogo cha kuonyesha kwamba mwandishi ni marehemu. Walimuua mara ya pili, wakaweka na alama. Na kwa nguvu ya jina hilo, mtaalamu wa sera akaandika ushauri: utaratibu uendelee. Dekio moja, choo na wodi.

Mdogo mtu alifunga cherehani, akaenda chuoni kudai jina la dada yake. Akamkuta katibu wa kitengo anakula karanga.

"Kuondoa jina kunawezekana," katibu akasema, "ila taratibu zinataka mwandishi mwenyewe aombe. Kwa maandishi. Atie saini."

"Mwandishi mwenyewe amekufa."

"Pole sana. Lakini taratibu ndizo hizo."

"Sasa nimlete?"

Katibu akatafuna. "Mimi sikutunga taratibu, dada."

Wasikilizaji wapendwa, nimesoma habari za vifo vingi katika kipindi hiki. Nimesoma za ajali na za moto. Nilizisoma kwa huzuni. Hii naisoma huku mate yamenijaa mdomoni, natafuta pa kuyatema. Kuliweka jina la marehemu liwe la kwanza bila ridhaa yake, kisha kumtaka afufuke kulitoa! Watu waliosoma, wana suti, wana mashada. Afadhali ile ndoo. Ndoo haikujifanya safi.

Familia haikumleta marehemu. Ilifanya ilichoweza. Mama mtu alimwita fundi wa kuchonga mawe. Fundi akauliza, tuandike nini, mama? "Apumzike kwa amani"? "Daima tutakukumbuka"? Mzee akasema hapana. Andika jina lake lote la cheti, kama lilivyo kwenye jarida lao, lisipungue herufi. Chini yake andika maneno mawili tu.

Fundi akachonga. Nimekwenda mwenyewe kuliona. Ni jiwe la kawaida, limeinama kidogo upande wa kushoto. Nimeyagusa yale maneno kwa kidole.

Kwa mama mzazi wa marehemu, kwa mdogo wake na kwa yule mtoto mwenye kovu kitovuni, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni. Poleni kwa msiba, na poleni kwa mliyotendewa baada ya msiba. Mungu amlaze pema.

Nanyi mnaosikiliza, mkienda wodini kumtazama mzazi, msiangalie mtoto tu. Inameni mtazame ndoo. Muulize dekio limetoka wapi. Na mkiambiwa mambo yanaridhisha, kwamba hata Mama Deki mwenyewe alikubali, waambieni waende makaburini wakasome jiwe lake.

Limeandikwa: HAKUTIA SAINI.