Dungu la Mchukwi

"Mzee Ukasha, huku mafuriko hayafiki, mbona nyumba umeipandisha juu ya miti?" Jirani alimuuliza hivyo miaka mitatu nyuma, Ukasha alipoacha kulima mpunga kule delta akawa dobi wa hospitali, akahamia Mchukwi. Leo alikuwa akimsimulia Bi Hajira, abiria aliyeketi naye kwenye Noah.

"Dungu Mchukwi! Unaamia ndege wasile mpunga, au wagonjwa?" Bi Hajira akacheka.

"Mke wangu alibaki kule delta, alisema hapati usingizi chini, kazoea kusikia mpunga ukivuma chini ya kitanda. Nikamjengea. Alhamdulillahi, hata ngazi nimemwekea."

Bi Hajira akaacha kucheka, maana naye alilelewa dunguni. "Sasa kaka, amekuja?"

Gari likasimama. Ukasha akakumbatia mkeka wake mpya, wa kulalia watu wawili, akashuka.